Maji ya Ndizi

Pale stendi ya Bukoba, basi letu la kwenda Muleba lilipokuwa likipakia mizigo, mama mmoja alinisogezea chupa dirishani. "Chukua maji ya ndizi, dada, ya leo hii." Nilimshukuru nikakataa. Akanishangaa, maana kwa kuniangalia tu alishajua mimi ni wa hukuhuku. Mhaya gani anakataa mramba, maji matamu ya ndizi ambayo hayajachacha? Yeye sikuwa na muda wa kumweleza, basi ngoja nikueleze wewe. Kesho kule Izigo kuna misa ya kutimiza mwaka tangu bibi yangu afariki. Najua watakavyomsifu, na mengi watakayosema ni kweli. Hili hawatalisema kwa sababu hawalijui.

Bibi, mama yake baba, ndiye aliyenilea. Nyumba yake ilikuwa katikati ya kibanja, migomba huku na mibuni kule, mpaka mchana wenyewe ulikuwa wa kijani. Kila Jumamosi tulizoa nyasi kuukuu sakafuni tukatandika mpya, na siku nzima nyumba ilinukia majani mabichi. Kahawa ilianikwa uani kwenye mikeka, na kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku. Msimu wa senene tulinyonyoa mabawa mpaka vidole vikauma, tukila wachache kwa siri moja kwa moja kutoka kwenye kikaango. Bibi alisali rozari huku akimenya ndizi. Ukikosea kuitikia alikurushia ganda, na Salamu Maria yake haikukatika.

Lakini nisikudanganye, utoto ule haukuwa mtamu kama ninavyousimulia. Ilikuwa miaka ya ugonjwa ule, ule ambao wakati huo watu waliunong'ona tu. Watu wazima waliisha. Kulikuwa na wiki tuliyosikia vilio vya nyumba tatu, na ndizi ziliivia migombani kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kushika jembe wala panga kabla matanga hayajaisha. Bibi alizika watoto wanne kati ya watano aliowazaa. Baba yangu alikuwa wa tatu.

Wengi waliogopa kuwagusa wagonjwa. Bibi hakuogopa, au aliogopa akaenda hivyohivyo. Aliwaosha wakiwa hai, na wakifa akawaosha tena. "Mtu alipozaliwa alipokelewa kwa mikono," alikuwa akisema. "Na aondoke kwa mikono." Alirudi nyumbani ananuka sabuni ya kipande na dawa ya kuulia vijidudu, akala ndizi zilizopoa, akalala amekaa.

Padre alifika kigangoni kwetu mara moja kwa mwezi, na mvua ikiharibu njia hata hiyo mara moja hatukuipata. Kifo hakikungoja ratiba ya padre. Kwa hiyo bibi alitufundisha sisi wajukuu kubatiza mtu aliye katika hatari ya kufa: maji safi juu ya kichwa, mara tatu, pamoja na maneno yake. Tulifanya mazoezi kwenye maboga. Binamu yangu alipolipa boga moja jina la katekista, bibi alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akatuchapa wote.

Nilipokuwa na miaka tisa mama alifariki. Aliniachia mdogo wangu wa kike, mtoto wa miezi mitatu, mwepesi kama kikapu kitupu, aliyekuwa akikohoa tangu azaliwe. Ubatizo wake ulikuwa umepangwa mara mbili, na mara zote mbili padre alikwama njiani. Juma hilohilo jirani mmoja alikuwa amempoteza mtoto kabla hajabatizwa. Katekista, mtu wa sheria na daftari, alikataa kuja kumsalia. Mtoto yule alizikwa mwisho wa kibanja, karibu na mfereji, bila sala wala msalaba. Mama yake alilia kwa sauti ambayo bado naisikia. Bibi aliposikia habari ile alisema, "Huyu wetu hapana," basi.

Siku iliyofuata, asubuhi, wakaja kumwita kwenda kumwosha maiti mtaa wa pili. Mtoto alikuwa amekunywa maziwa kidogo na amelala. Bibi akasimama mlangoni, akanitazama. "Nitarudi kabla ya saa sita. Ukiona anabadilika, unajua la kufanya."

Akabadilika. Midomo ikawa ya bluu, na pumzi ikawa inakuja, inakwenda, inachelewa. Nilikimbilia mtungi nikakuta yamebaki maji ya chini kabisa, yenye tope. Bibi alikuwa ametuambia mara mia: maji yawe safi. Chemchemi ilikuwa bondeni, na kwenda na kurudi hakukosi nusu saa. Kando ya mtungi palikuwa na kibuyu cha mramba, shukrani ya jirani ambaye jana yake alikuwa amekanyaga ndizi kwa ajili ya kutengeneza lubisi, pombe yetu ya ndizi. Unajua sisi tunayaitaje. Maji ya ndizi. Yalikuwa safi, yamechujwa, na ndiyo tuliyowapa wageni wa heshima. Sikusita hata kidogo. Nilimmwagia mara tatu kichwani, nikasema, "Maria, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Alikufa mapajani mwangu muda mfupi baadaye.

Bibi alirudi kabla ya saa sita kama alivyoahidi. Alimchukua, akambusu kwenye paji la uso. Nilimwona akilamba midomo.

"Ulimmwagia nini?"

"Maji ya ndizi, bibi. Ya mtungini yalikuwa na tope."

Akakaa chini, pale pale kwenye nyasi. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alijua kilichopungua, kwamba ubatizo hauwi ila kwa maji hasa, hata yakiwa ya tope, na alijua hakirekebishiki. Sakramenti ni za walio hai. Hilo pia alitufundisha yeye mwenyewe. Kisha akaniambia, "Nenda kateke maji." Nilipanda na ndoo kutoka bondeni nikilia, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba nimekosea. Akamwosha mtoto taratibu, unywele kwa unywele, mpaka utamu wote ukaisha.

Katekista alikuja alasiri, daftari kwapani.

"Pole, mama. Mtoto alibatizwa?"

"Alibatizwa, waitu," bibi alimjibu kwa heshima.

"Na nani?"

"Na dada yake huyu. Nilimfundisha mwenyewe."

Akanigeukia. "Ulitumia nini, mtoto?"

Nilifungua mdomo. Bibi akaniwahi. "Maji. Andika, katekista."

Akaandika. Mdogo wangu alizikwa kando ya baba na mama, kwa sala zote, na msalaba wa mti wenye jina lake. Nilisimama kaburini nikimtazama bibi, yule bibi aliyewahi kunilaza bila chakula kwa kusema uongo kuhusu kijiko cha sukari.

Jumapili benchi letu liliposimama kwenda kupokea komunyo, bibi alibaki amekaa. Watu wakasema ni uchungu wa msiba. Jumapili ya pili vilevile, na ya tatu. Mwaka ulipopita maneno yakabadilika. Wengine walisema ni unyenyekevu. Wengine, na hao ndio walionong'ona zaidi, walisema amekwenda kwa mganga kuuliza nani anawamaliza watoto wake. Akina mama wa kigango wakamwondoa kwenye uenyekiti wa chama chao, kwa adabu, kwa nyimbo, na zawadi ya kitenge. Alikivaa kitenge kile akienda kuwaosha wagonjwa wao.

Nikiwa na miaka kumi na tano nilimwuliza kwa nini asiungame tu uongo ule yaishe. Alikuwa akichambua maharage. "Kuungama si kusema nilifanya," akanijibu. "Ni kusema ninajuta na sitarudia. Mimi yule mtoto akiletwa hapa kesho, nitasema tena vilevile. Nimdanganye na Mungu pia?"

Sikumwuliza tena kwa miaka mingi. Nilikua, nikasoma, nikafanya kazi mjini Bukoba, na kila nilipokuja nyumbani nikapiga magoti kupokea nilijua ni nani amekaa nyuma yangu kwa sababu yangu.

Mwaka jana alipougua kwa mara ya mwisho, padre kijana alimletea komunyo nyumbani. Bibi alimshukuru, akamwomba baraka, akakataa komunyo. Padre alitoka amechanganyikiwa. Mimi nikaingia na uongo wangu niliokuwa nimeutayarisha muda mrefu.

"Bibi, siku ile sikukwambia yote. Kwanza nilimmwagia yale ya mtungini, ya tope. Ya ndizi niliongeza baadaye. Alibatizwa kweli."

Alinitazama, macho yakiwa yamefifia lakini si kiasi cha kutouona uongo.

"Ulipokuwa mdogo hukujua kudanganya," akasema. "Mpaka leo hujui." Akatafuta mkono wangu juu ya blanketi. "Mwongo mmoja anamtosha mtoto yule. Wewe nenda kapokee."

Alifariki kesho yake asubuhi. Nilimwosha mimi. Sasa hivi huku kwetu maiti zinaoshwa hospitali, zinaletwa tayari ndani ya sanduku, na wanawake wanaojua kazi ile hawafiki hata watatu. Nusu ya migomba ya kibanja imekufa kwa mnyauko, chemchemi imefunikwa, na katekista naye yupo chini ya udongo. Lakini daftari lake lipo kigangoni, nimelifungua. Ni mstari mmoja tu wa wino uliokwajuka: jina la mdogo wangu, na mbele yake neno *amebatizwa*. Kwa ajili ya neno lile bibi alikaa kwenye benchi miaka thelathini na zaidi, akiitamani komunyo kila Jumapili. Nampenda, na nina hasira naye, na kesho watakapomwita mtakatifu nitainama nisionekane uso.