Shikamoo ya Dirishani

Mama alirudi kutoka Dar es Salaam akiwa ameuinua mkono wa kulia mbali na mwili, kama kuku aliyevunjika bawa. Titi la upande huo lilikuwa limeshakatwa, na sasa daktari alikuwa amesimamisha mionzi kwa muda, maana ngozi ya kifuani na kwapani ilikuwa nyeusi tii na chini ya weusi huo imeanza kuchubuka na kutoa majimaji. Apumzike, ikauke, kisha arudi kumalizia.

Zilikuwa siku za ruksa. Madukani Arusha vitu vilikuwa vimerudi, na mimi, msomi wa chuo kikuu, niliamini kwamba palipo na bidhaa hapakosi dawa. Nikaleta losheni ya Ulaya yenye harufu ya mawaridi. Mama akainusa.

"Hii kampake mkeo, baba. Mimi nimekatazwa hata sabuni."

Kilichomfaa kilitoka shambani kwetu, mlimani: majani machanga ya mgomba. Tuliyatandika juu ya shuka, kwa sababu shuka tupu lilikuwa likiganda kwenye kidonda. Kilichomfaa kingine ni fulana ya mtumba, pamba tupu, pana kama hema, yenye maandishi ya tamasha la bia huko Marekani. Aliuliza yanasemaje, naye ni mzee wa kanisa la Kilutheri. Nikamwambia ni jina la shule.

Alifikia kwetu Elerai, pale pale Arusha, akalala chumba cha uani. Nyumba kubwa kulikuwa na mtu anayemsubiri: binti yetu wa kwanza, hajafikisha hata miezi miwili, mwenye jina lake. Kwetu mlimani mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la mama wa baba, na bibi huyo mwenye jina humpakata akampulizia mate kidogo kifuani. Wachungaji wanalijua hilo, wanatazama pembeni. Mtoto asiyepuliziwa ni kama ameazima jina tu.

Mke wangu akambeba hadi mlango wa uani.

"Mama, jina lako hili hapa."

"Simama hapo hapo."

"Tutamweka upande wa kushoto. Hatakigusa kidonda."

"Sisemi kidonda. Nina moto wao ndani, huu. Utamwunguza mtoto."

Nikajitokeza na elimu yangu. Nikaeleza kwamba mionzi ile haikai mwilini, inapita kama mwanga wa tochi, na ukizima imezimika. Mama alinisikiliza kwa heshima anayopewa mgeni rasmi anayechelewesha chakula.

"Baba, ile mashine ikitaka kulia, wale vijana wanaonilaza kitandani wanatoka. Wote. Wanafunga mlango mzito, wananichungulia kwa kioo. Kama ni tochi, wanakimbia nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Wao wako pale kila siku, mwaka hadi mwaka, ndiyo maana. Ni jibu sahihi hata leo. Lakini nilimpa mtu aliyelazwa peke yake katika chumba kile, akitazama watu wazima wakimkimbia, na likasikika kama limesemwa na mtu aliye nyuma ya kioo.

"Ngozi ikipona nitampakata," akasema. Akageukia ukutani, majani ya mgomba yakapiga kelele chini yake.

Asubuhi ya kurudi Dar, mkoba ukiwa tayari, hakuingia ndani kuaga. Alizunguka nyumba, akasimama nje ya dirisha la sebuleni.

"Mleteni."

Mke wangu akamnyanyua mtoto. Katikati yao kulikuwa na wavu wa mbu. Mama akaegemea ukuta kwa bega la kushoto, akalitaja jina, lake mwenyewe, kisha akapuliza. Mate yakabaki kwenye wavu, vitone vidogo vikining'inia. Mke wangu anaapa kwamba kimoja kilipita.

Alimaliza mionzi, akarudi. Kidonda kikafunga. Ngozi ikawa ngumu, inang'aa kama ya ngoma.

"Imepona, mama," nikamwambia.

"Ya nje," akasema.

Basi ikawa dirishani kila alipokuja kututembelea. Mtoto alijifunza kutembea akielekea huko, na maneno yake ya mwanzo aliyasemea kwenye wavu: "Shikamoo, bibi." Mama anaitikia, anapuliza, mtoto anacheka na kujifuta kifua. Niliacha kuhutubia. Nilijiambia wakati bado upo.

Ugonjwa ukatokea mapafuni. Tulimzika mlimani, kati ya migomba, hajampakata.

Siku chache baada ya matanga nilikuwa sebuleni nasoma gazeti, au tuseme nimelishika. Mtoto akaenda dirishani.

"Shikamoo, bibi."

Akangoja, uso juu. Kisha akacheka, akajifuta kifua.

Niliinuka nikaligusa gauni lake. Lilikuwa kavu, nadhani. Sikugusa mara ya pili.