Shimizi ya Maman Ziwani

Mnisamehe mwandiko wangu unaopanda na kushuka, na herufi nitakazokosea. Niliishia shule ya msingi, na mkono wangu ni mzito.

Vita vya Kongo vilipoanza tena, mwalimu mmoja wa Bukavu alivuka daraja la Rusizi akaja kukaa kwetu, karibu na ziwa. Alikuwa akichunguza vidudu vya majini ambavyo jicho tupu halivioni, chakula cha sambaza, wale samaki wetu wadogo. Hadubini yake ilivuka salama, ila neti ya kuchujia maji ilipotea katika kukimbia. Mimi nilimbebea ndoo, na hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza. Tulijaribu chandarua, vidudu vyote vikapita kwenye matundu yake. Akasema bila neti itabidi aondoke.

Nilimsimulia Maman, mama yangu. Asubuhi yake alishuka ufukweni na shimizi yake nyeupe, ile ya kuvaa chini ya gauni la kanisani. Juu ameishonea duara la waya, chini ameifunga chupa. Wavuvi waliokuwa wakianika nyavu walipasuka kwa kicheko.

"Maman, dimanche kanisani utavaa nini?"

"Nitavaa sambaza yenye mutanipatia!"

Nilitamani mchanga unimeze. "Maman, rudisha. Bantu banaangalia."

"Baangalie. Weye unataka kazi ao hautaki?"

Mwalimu hakucheka. Aliishusha majini kwa kamba, akaivuta polepole, akaweka tone chini ya hadubini. Akamwita Maman kwanza. Maman aliinama, akafumba jicho moja.

"Kako na moyo," alisema. "Kadogo hivi, na moyo unapiga! Mutoto, kuya uone."

Alininyooshea mkono. Wavuvi walikuwa bado wanatazama. Nilijifanya naosha ndoo.

Mwalimu alibaki, na kazi ninayo bado. Ile mioyo midogo nimeiona mara nyingi, lakini nikiwa peke yangu. Shimizi imegeuka kijani kwa maji ya ziwa, na Maman hana nyingine. Kila dimanche, jua likipiga mlangoni mwa kanisa, gauni la Maman linaonyesha miguu yake yote, nami nakaa benchi la nyuma, mbali naye. Yeye huniwekea nafasi kule mbele. Huweka kitambaa chake hapo, kisha anageuka kunitafuta.

Wewe unayesoma, kama uliwahi kumwonea mama yako aibu, ukaja kukaa tena karibu naye, tafadhali niandikie. Uniambie ulianza kwa neno gani.