Shubiri ya Mama Mkasi

Siku ya kwanza kumwona Mama Mkasi, mkataji wetu, alikuwa akipima kitambaa kwa shubiri. Tepu ilining'inia shingoni kama urembo tu. Kiganja chake kilitembea mezani, gumba, kidole cha mwisho, gumba, kidole cha mwisho, kama ndege anayetafuta punje. Mimi nilikuwa mpiga pasi mgeni katika karakana ile ya ushonaji. Nilimtazama kupitia mvuke mpaka shati likaanza kunuka.

"Pasi," aliniita, na jina likanikaa, "shati hilo limekukosea nini?"

Mwaka wangu wa tisa pale, aliteleza ngazini, akaangukia mkono wa kulia. Dole gumba likateguka. Nami, kwa kuwa dawa pekee niijuayo ni joto, nilipasha kitambaa kwa pasi nikamkanda. Kufika jioni gumba lilivimba kama yai. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma.

Zahanati nilimsindikiza. Muuguzi alisema mfupa ni mzima, kano ndiyo imevutika. Siku za mwanzo ni kitu cha baridi, bandeji na kupumzisha mkono.

"Nani alikukanda kwa moto?"

"Mtu mmoja," akajibu bila kunitazama. "Ana huruma kuliko akili."

Tajiri wetu alikubali kumngoja mpaka mwezi uishe. Baada ya hapo meza ya kukatia ingepewa mtu mwingine. Wiki ya tatu bandeji ilifunguliwa, akakata shati la mteja mnene. Lilitoka la mtoto. Gumba halikufunguka, na shubiri ikawa fupi.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema, "kumbe hakikati hata shati."

Tangu hapo, kila mchana, mashine zikinyamaza, alikaa dirishani akiminya taratibu kitambaa kibichi nilichomviringishia. Mwanga uliingia kwenye mvuke wangu, chumba kikawa kama kinaelea. Kisha aliipima meza. Zamani ilikuwa shubiri kumi. Sasa kumi na mbili. Kumi na moja na ushei. Nilihesabu naye moyoni.

Siku ya mwisho ya mwezi kiganja kilifika ukingoni.

"Kumi," akasema. Akanipima mgongo kwa kiganja, shubiri mbili na vidole vinne, akanikatia shati.

Miaka minne baadaye alistaafu, akaenda kuishi kwa bintiye. Asubuhi ya kuondoka alikuja nyuma yangu, akatembeza kiganja mgongoni mwangu, polepole.

"Shubiri mbili na vidole vinne, vilevile. Ukinenepa, Pasi, niite nije kupima upya."