Gari ya Marehemu na Finjani Mbili za Kahawa

Jino langu la mbele nililiacha Mawaleh, huko Maskati, juu ya boneti ya gari ya Kitaliana ya milango miwili, na sijuti. Labda kidogo, nikila muwa.

Gari yenyewe ilikuwa ya marehemu mmoja, mtu wa kwetu wa Unguja aliyehamia Maskati zamani. Tangu afe, ilikaa uani chini ya turubai. Paka walizaa ndani vizazi saba, na kwa vumbi lililokuwa juu yake ungepanda muhogo ukavuna. Mimi nilikuwa naitamani tangu nna miaka minane, ilipokuwa ikipita mtaani kwetu Sib ikinguruma kama simba aliyekunywa petroli. Gari kama hizo zilizotunzwa, mtu kama mimi haziwezi hata ndotoni. Hii iliyotupwa ndiyo saizi yangu.

Marehemu aliacha mjane na wana wawili. Mkubwa ndiye aliyenipigia simu: "Njoo uichukue, shekhe, kabla haijawa mchanga." Nikenda Alhamisi baada ya alasiri, kanzu imenyooka kama kioo, na gari ya kuvuta nshaiita, inangoja getini.

Kwetu sisi, mtu mwenye haja akimiminiwa kahawa hainywi kwanza. Huiweka finjani chini, akasema haja yake. Mwenye nyumba akimwambia "kunywa", ameshapewa, neno halirudi tena. Basi nikaiweka finjani chini.

"Haja yangu ni gari ya mzee."

"Kunywa," akasema mkubwa.

Nikainywa yamoto vile vile, mara moja, isije ikabadilika.

Na mimi ndiye niliyesoma shule ya usiku miaka sita nikatoka na cheti chenye muhuri mkubwa kama sahani ya biriani! Somo la mirathi nililipita vizuri kuliko darasa zima. Lakini sikuuliza ambalo hata mtoto wa chuo cha Kurani angeuliza: ndugu yako yuko wapi?

Ndugu yake alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini.

"Gari ya kuvuta ya nani hii?" Sauti yake ilitikisa madirisha mpaka uwanja wa ndege.

"Ya mgeni," kaka yake akamjibu kutoka barazani. "Nshampa gari. Kahawa kashakunywa."

"Kanywa kahawa ya nani? Baba kakuzaa peke yako?"

Akachomoa spana ya magurudumu kwenye ile gari ya kuvuta. Akaiendea gari ya baba yake uani, turubai akalivuta. Pigo la kwanza, kioo cha mbele kikamwagika ndani kama chumvi. La pili, taa. "Nani kakupa ruhusa?" Taa ya pili. "Nani?" Mlango ukabonyea. Mkubwa akaruka barazani na kanzu yake, akamkaba shingo, wakaanguka juu ya vioo. Mdogo akamng'ata sikio, nikasikia mwenyewe likikatika, kama mtu anayetafuna gegedu. Damu ikaruka mpaka ukutani.

"Hospitali hukwenda hata siku moja!" mdogo akapiga kelele. "Baba kafa ananishika mkono mimi, leo unagawa gari yake?"

Akamkandamiza kaka yake kwenye boneti, kichwa kimelala pale pale, na spana akainyanyua kwa mikono miwili. Nikajua huyu sasa anauwa.

Nikaruka. Watu wa mtaa mpaka leo wanasema niliokoa roho ya mtu. Nitasema kweli: niliikimbilia boneti. Ndiyo kitu pekee kilichobaki kizima. Nikalala juu ya kichwa cha yule bwana, na spana ikanipata mdomoni.

Jino likaviringika juu ya rangi nyekundu, tik, tik, likasimama.

Mama yao akatoka, dele la kahawa mkononi. Akalitazama jino, akawatazama wanawe. "Mgeni mmempiga," akasema. "Ingieni ndani."

Akanimiminia finjani nyengine. "Yule uliyemuomba si peke yake. Muombe na huyu."

Nikaiweka mbele ya mdogo. Damu yangu ikawa inadondokea mkekani. Yeye anautazama mkono wake ulioshika spana. Kahawa ilikuwa inataka kupoa aliposema:

"Kunywa. Lakini usukani nauchukua mimi. Baba kaushika miaka thalathini."

Nikanywa. Kwenye lile pengo, ile kahawa ilikuwa msumari wa moto.

Gari iko uani kwangu Sib, haina kioo, haina taa, haina usukani. Kila Ijumaa baada ya sala mdogo anakuja na usukani kaufunga kwa taulo. Anaupachika, anakaa kiti cha baba yake, anaushika. Kaka yake hamsemezi mpaka leo. Halafu anaufungua na kuondoka nao.

Ijumaa iliyopita nilimwambia, "Uache basi, bwana, wiki moja tu, nijaribu kuiendesha."

Akageuka. Spana ya kuufungulia ilikuwa mkononi mwake. Ulimi wangu ukenda wenyewe kwenye pengo.

"Uchukue," nikamwambia. "Uchukue, shekhe wangu, uchukue."