Siku Dada Alilala Kisiwani

Wewe ambaye nikikupa neno halifiki sokoni kabla yangu, wewe ndio nakuandikia. Sina Kiswahili cha vitabu. Hiki changu nilikipata kambini Uganda tulipokuwa wakimbizi, nikakinyoosha kidogo kwa masomo ya jioni hapa Juba, mama mzima nimebeba mkoba wa shule na watoto wangu wananicheka. Kwa hiyo nitaongea tu vile naongea.

Ni habari ya dada yangu mkubwa.

Wakati wa vita, usiku mmoja watu wenye bunduki waliingia nyumbani kwake wakamchukua mume wake. Yeye alikuwa amelala. Siku nzima ameuza mboga juani, akalala ule usingizi wa mtu aliyechoka, na alipoamka mlango uko wazi na upande wa pili wa kitanda hakuna mtu. Majirani walisikia. Yeye hakusikia kitu. Shemeji hatujui yuko wapi mpaka leo.

Tukamleta kwangu, mtaa wa Lemon Gaba, pamoja na watoto wake. Toka hapo dada akakataa kulala. Usingizi haukumkimbia, hapana, yeye ndiye aliufukuza. Anakaa mlangoni kwenye kiti kidogo, beseni la maji miguuni, macho yakianza kufunga anajimwagia uso. Nikimwambia, "Dada, ingia ndani ulale," jibu ni moja.

"Nikilala wanachukua mtu."

Mchana anasinzia amesimama, sufuria mkononi. Aliungua mkono hivyo, mara mbili, mahali pale pale. Akakonda mpaka nguo zikawa zinamning'inia kama zimeanikwa. Niliona kabisa tutamzika huyu, na risasi haitahusika. Nilikuwa nimeacha kuomba mambo mengi. Amani ya nchi waliiomba wengine, walikuwa wengi. Mimi niliomba kitu kimoja: Bwana, dada alale.

Sasa, mke wa mchungaji wetu alikuwa na kalenda aliyopewa na mtu wa ng'ambo. Siku ya maombi ya akina mama akaileta. Kuna picha ya kisiwa cha huko Karibiani, mchanga mweupe, maji ya bluu, na khawaja, wazungu wale, wamelala chali mchana wa Mungu, macho yamefungwa.

"Hawa wanaumwa?" mama mmoja akauliza.

"Hawaumwi. Wanapumzika."

"Mchana hivi? Na watoto wao wako na nani?"

"Imeandikwa hapa chini," Mama Mchungaji akasema. "Asubuhi gari inawachukua hotelini, boti inawavusha, jioni inawarudisha. Kazi yao ni kulala tu."

"Wanalipa pesa ili walale!"

Tulicheka mpaka mmoja akajifuta machozi kwa kitambaa cha kichwa. Mama Mchungaji alingoja tumalize. Akasema sisi pia tutaenda. Tumezika, tumelia, tumepika kwenye matanga ya watu mpaka mikono imechakaa, sasa tutapumzika siku moja kama hao. Akasema vile anavyosema matangazo ya kanisa, ukaona hakuna wa kubisha.

Kwanza alitaka twende nje ya mji, upande wa Nesitu, kwa muumini mmoja mwenye shamba la miti. Lakini magari yalikuwa yanapigwa risasi kwenye ile barabara ya Nimule, wanaume wakakataa. Ndio tukachagua kisiwa cha hapa hapa katikati ya mto, kile ambacho maji yakishuka wakati wa kiangazi kinatoa mchanga pembeni.

Dada akasema haendi. "Nani atakaa na watoto?"

"Watoto wote wanakuja."

Akafikiri. "Kwenye maji?"

"Kwenye maji."

"Basi nakuja." Alikuja kuchunga, sio kupumzika. Mimi sikujali alikuja kwa nini.

Basi dogo la kukodi lilituchukua kanisani asubuhi, likatushusha mtoni nyuma ya soko la Konyo Konyo. Mwenye boti alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ya sufu, na jua lile. Boti yake haikutosha sisi wote, kwa hiyo alibeba kundi moja, akarudi, akabeba lingine, hivyo hivyo mpaka tukaisha. Kabla hajatuacha alituita.

"Mama zangu, sikieni. Jua likikaribia kulala mimi natoa nyinyi hapa. Giza ikiingia, askari ya ng'ambo ile anapiga boti risasi. Haulizi nani iko ndani. Mnasikia?"

"Tunasikia."

"Mimi iko na bibi na watoto. Sitangoja mtu."

Tukatandika mikeka. Na hapo, rafiki yangu, ndipo tulipojua hatuwezi kupumzika. Mama Mchungaji alifungua tu sala, akasema amina, na kila mtu akatoa kazi. Mmoja alikuwa amebeba nguo chafu za nyumba nzima ndani ya gunia, na sabuni. Mwingine karanga za kubambua. Mwingine kitambaa cha kudarizi. Mwanakwaya mmoja alikuwa na mchele wa kuchagua mawe, sijui alifikiri nyumbani hakuna mwanga.

"Hii ni nini?" Mama Mchungaji akauliza.

"Tunapumzika, mama," yule wa nguo akasema, tayari yuko kwenye maji, magotini. "Mimi nikifua hapa napumzika."

"Lala chini!"

"Nikilala chini mgongo unauma. Umezoea kuinama."

Mama Mchungaji akalala yeye mwenyewe, kutuonyesha. Akanyoosha miguu, akafunga macho. Akakaa hivyo kidogo, akafungua jicho moja, akasema, "Huo mchele, leteni kidogo upande huu." Hapo tulicheka tena. Nakumbuka kile kicheko kwa sababu hakikuwa na nguvu. Ni kicheko cha watu wamechoka, kinaanza halafu kinakaa chini.

Dada alisimama ukingoni na watoto. Hakukaa. Anaita huyu, anamvuta yule, macho mekundu kama ya mtu wa moshi. Nilimwendea na chai, hakuichukua. Nikajiambia, haya, tumekuja bure. Nilikuwa nimechoka pia, ujue. Mtu akikesha nyumbani kwako, na wewe hulali vizuri, unalala ukisikia kiti kinalia.

Aliyesaidia ni mama muuza samaki wakavu, mama mnene, mwenye sauti. Alimwangalia dada kichwani akaguna.

"Wewe, hizi nywele ni zako ama umeazima kwa mbuzi? Kuja hapa."

"Nachunga watoto."

"Utachunga ukiwa umekaa. Macho iko mbele, mimi nashika nyuma. Ama unataka Mungu akuone hivi?"

Dada alikuwa hajagusa kichana toka shemeji achukuliwe. Alisita. Lakini kusukwa sio kupumzika, unaona, kusukwa ni kazi, mtu anakufanyia kazi na wewe unashikilia kichwa. Akakaa mkekani mbele ya yule mama, uso kwenye maji, anahesabu watoto kwa midomo. Yule mama akaanza kusuka. Mafuta, kichana, vidole. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisa, lakini taratibu, bila maneno. Mimi nilikuwa nabambua karanga na sikuthubutu kuangalia.

Kichwa cha dada kilienda mbele. Kikarudi. Kikaenda pembeni, kikaangukia paja la yule mama. Na kikabaki.

Wimbo uliendelea. Yule mama akaniangalia akapanua macho. Nikamwonyesha kwa mkono, usiache. Wanawake wakaanza kuona, mmoja mmoja, na hakuna aliyesema neno. Yule wa nguo akaacha kupiga nguo kwenye jiwe. Watoto tukawaita kwa ishara, wakaja kukaa. Mtu akafungua mwavuli juu ya dada, akasimama nao hapo, na mkono ukichoka mwingine anaupokea.

Alikoroma. Dada yangu alikoroma kama baba yetu, na mimi niliingia kwenye yale majani nyuma nikalia peke yangu, nikamshukuru Mungu.

Yule mama wa samaki hakusogea. Chakula tulimlisha hapo hapo. Baadaye nikaona uso wake umebadilika.

"Nini?" nikamnong'oneza.

"Miguu imekufa. Na nataka kwenda haja."

"Vumilia."

"Wewe ndio unasema vumilia, miguu ni yangu."

Akavumilia.

Boti ilirudi jua likiwa bado juu. Tukapeleka watoto na wazee kwanza. Ikarudi, wakaenda wengine. Mzee wa boti aliporudi mara ya mwisho tulibaki wachache, na mchanga ulikuwa umeanza kuwa mwekundu.

"Huyu aamke," akasema.

"Polepole, baba," nikamwambia. "Ngoja kidogo."

"Sikuambia nyinyi asubuhi? Mimi singoji."

Nilipiga magoti karibu na dada. Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka kumgusa bega. Nilijua nikimwamsha ataruka, atauliza nani amechukuliwa, na hatafunga macho tena, sio kwa ajili yangu wala ya mtu yeyote. Na ng'ambo kulikuwa na wale askari wenye bunduki, na huyu mzee ana mke, na hawa wanawake wana watoto. Siwezi kuua watu kwa ajili ya usingizi. Niliangalia jua, nikaangalia dada.

"Tumbebe," Mama Mchungaji akasema.

"Nini?"

"Yuko kwenye mkeka. Tushike mkeka."

Tukashika pembe na katikati. Alikuwa mwepesi, hilo liliniumiza. Yule mama wa samaki alijaribu kusimama, akaanguka kwa makalio. "Aliye mzima mnambeba, mimi mwenye miguu iliyokufa mnaniacha!" Alisema kwa kunong'ona, na kunong'ona kwake ni kama kusema kwa mtu mwingine. Wawili wakarudi kumkokota. Mzee wa boti alikuwa amenuna, lakini alizima injini, akatuvusha kwa kasia, ili mlio usimwamshe dada.

Upande wa pili kulikuwa na askari, kijana mrefu. Aliona wanawake wanashuka na mtu kwenye mkeka, amefunikwa kanga. Akavua kofia kwanza. Halafu akakumbuka kazi yake, akaivaa.

"Maiti hii inatoka wapi?"

"Sio maiti, mwanangu," nikasema. "Amelala."

"Mama, usinidanganye. Hapa Juba hakuna mtu analala hivyo."

"Karibia uone."

Alikuja na bunduki yake, akainama. Tulishikilia ule mkeka. Na dada akakoroma, moja, ndefu.

Askari akanyooka. Alituangalia kama watoto wameficha kitu. Halafu akaniuliza chini chini, "Mmempa dawa gani?"

"Hakuna dawa. Alisukwa nywele."

"Nywele tu?"

"Na watu walikuwa wamekaa karibu."

Yeye mwenyewe macho yake yalikuwa mekundu, nikaona sasa. "Haya, pitisheni," akasema. "Na huyo mwenye sauti anyamaze." Yule mama wa samaki alikuwa ameanza kumwuliza anatoka kijiji gani.

Ndani ya basi tulimlaza kwenye kiti cha nyuma, kichwa kwangu. Aliamka tukikaribia nyumbani, basi liliporuka shimo. Akaketi ghafla, akanishika mkono akaukamua.

"Nani hayupo?"

"Wote wapo."

"Nani hayupo!"

Mama Mchungaji akageuka kutoka mbele. "Mimi nipo." Mwingine akasema, "Nipo." Wakaendelea hivyo, watoto nao, sauti zao nyembamba, mpaka dereva akasema, "Na mimi nipo, mama, ndio naendesha." Hakuna aliyecheka. Dada alisikiliza kila mmoja. Halafu akagusa kichwa, upande umesukwa, upande uko wazi, akanikasirikia sana. Kwa nini sikumwamsha? Nani alikuwa anachunga? Niliacha anitukane. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepumzika.

Sitakudanganya kwamba alipona. Jioni ile alikwenda mlangoni na kiti chake kama kawaida. Mimi nilileta changu nikakaa pembeni.

"Ingia ulale," nikamwambia. "Leo nachunga mimi."

"Utasikia?"

"Nitasikia."

"Apa."

Kanisa letu hatuapi, na mimi ni mtu wa kanisa. Niliapa. Aliniangalia muda, akanisogezea beseni la maji, akaingia ndani.

Ndivyo tulivyoishi mpaka mwaka ule ukaisha, yeye usiku mmoja, mimi mmoja, na mara nyingine yule mama wa samaki anakuja na kiti chake anatuchungia sote wawili. Darasani nilikuwa nasinzia, mwalimu ananipiga chaki. Nimechoka mpaka sasa ninavyoandika. Lakini dada yuko hai, yuko hapo uani anagombana na kuku.

Sasa nakuomba kitu. Lazima unamjua mama mmoja anayekesha, hatukosi, mtaa huu wote umejaa. Msomee hii. Kama hajui kusoma, mwambie kwa mdomo, na yeye amwambie mwingine. Na ukienda kumwambia, usiende mikono mitupu. Beba kiti.