Neno Lililopigwa Marufuku Uwanjani

Wapo wanaosoma saikolojia kwa kupenda vitabu. Binti huyu alifikishwa huko na mpira mmoja uliokataa kuingia. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mfungaji wa timu ya mpira wa pete, na fainali ilibakiza sekunde chache tu. Akapata mpira karibu kabisa na goli. Kocha akanguruma kutoka pembeni: "Usikose!" Akakosa. Tena akakosa vibaya, mpira haukugusa hata chuma.

Mwaka mzima alipita vichochoro vya nyuma ya maduka asije akakutana na mashabiki. Kisha, chuoni, katika somo alilojiandikisha ili kujaza ratiba tu, mwalimu akaeleza kwamba akili ikikatazwa jambo, hulikodolea macho jambo lilelile. Binti akaangua kicheko, darasa zima likageuka. Kumbe! Siku hiyo akajua atafanya nini maishani.

Mama yake, fundi cherehani asiyemung'unya maneno, alipopewa habari alitoa kwanza pini mdomoni.

"Hiyo saikolojia si ya wendawazimu?"

"Hapana, Mama. Hii ni ya wachezaji, watu wenye akili timamu."

"Basi humu ndani usitarajie mteja."

Miaka ikapita, akahitimu, akarudi kwenye timu yake ya zamani kuomba kazi. Kocha alikuwa yuleyule, tumbo tu ndilo lililopanda daraja. Akamsikiliza huku akikuna kidevu.

"Mimi nawatibu kwa mbio, binti. Ila yupo huyu Twiga."

Twiga alikuwa mfungaji, mrefu kuliko wenzake wote. Mazoezini hakosi. Siku ya mechi hatupi hata mpira mmoja golini, anautoa haraka kama kashikishwa kaa la moto.

"Jumamosi tunacheza," Kocha akasema. "Akithubutu kurusha, kazi ni yako. Asiporusha, tuagane kwa heri."

Siku tatu binti alikaa kwenye benchi na daftari, akipiga mstari kila aliposikia neno "usikose". Kocha alilisema, wachezaji walilisema, hata mlinzi wa geti alimsindikiza nalo Twiga akiingia. Kufikia Jumatano ukurasa ulikuwa umejaa.

Alhamisi akalipiga marufuku. Atakayelitamka azunguke uwanja. Waseme "Rusha!", basi. Loo, walizunguka! Kocha peke yake alizunguka mara kumi na nne, anahema, jasho linamtiririka, na Twiga akacheka mpaka akakaa chini. Hapo ndipo mwanasaikolojia wetu alipomsogelea.

"Unaogopa nini hasa, mdogo wangu?"

"Nikikosa watanichukia, dada."

"Mimi nilikosa kwenye fainali. Nikajichukia mwenyewe kabla wao hawajapata nafasi."

Wakacheka wote wawili.

Jumamosi, dakika ya mwisho, timu zikiwa sare, mpira ukamfikia Twiga chini ya pete. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akitafuta wa kumpa. Kocha akainuka. "Usi—" Akajiziba mdomo kwa taulo. Benchi zima likapaza sauti: "Rusha!" Akarusha.

Mpira ukagonga chuma, ukarudi. Mwanasaikolojia alishika kichwa, maana alikijua vizuri kinachofuata: mabega kushuka, macho kutafuta mlango. Lakini Twiga aliruka juu ya wote, akaudaka, akarusha tena, tena akicheka. Ukaingia bila kugusa kitu.

Mwanasaikolojia wetu alilia hadharani, wala hakuona haya. Furaha ilimzidi nguvu. Wachezaji walikuwa bado wanarukaruka Kocha alipomjia.

"Jumatatu uanze kazi."

"Asante, Kocha. Nianze na nani?"

Kocha akageuka huku na huku kuhakikisha hakuna anayesikia. Akateremsha sauti.

"Anza na mimi."