Kuvuta Lori Nikiwa Nimekaa

Polio ilinikamata nikiwa na miaka minne, na tangu hapo miguu yangu haijawahi kunibeba. Mikono ndiyo inayonibeba. Kwa miaka mingi nimevusha mizigo kutoka Busia yetu hadi Busia ya Uganda kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa kuzungusha pedali za mkono. Napeleka sabuni, chumvi na mafuta ya kupikia; narudi na maharagwe au mayai. Mzigo ukizidi, wenzangu hutafuta mtu wa kuwasukuma kutoka nyuma. Mimi sijawahi kumtafuta. Mtu akinishikia baiskeli bila kuniuliza, navuta breki na kukaa pale pale mpaka atoe mkono wake.

Nayasema haya mapema ili ujue nilikuwa mtu wa namna gani siku ile gari lenye vipaza sauti lilipopita sokoni likitangaza mashindano ya watu wenye nguvu. Hayakuwa ya wanamichezo wa kulipwa. Yalikuwa ya watu kama sisi, wabeba magunia, wachinjaji, wapiga matofali. Kutakuwa na kubeba madumu ya mchanga, sauti ilisema, kuinua gogo, kupindua tairi la trekta, na mwisho kuvuta lori kwa kamba mshindani akiwa ameketi chini. Unaweza kuingia mchezo mmoja au yote.

Nilisikia neno moja tu. Ameketi.

Mwandaaji alikuwa amekodi chumba juu ya duka la simu. Niliegesha baiskeli chini nikapanda ngazi kwa makalio, mgongo ukitangulia, nikijiinua kwa mikono daraja moja baada ya jingine. Nilipofika mlangoni nilikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Kijana mmoja nadhifu, ndiye mwandaaji mwenyewe, alinyanyuka haraka kutoka kwenye kiti.

"Mzee, si ungeniita tu nishuke?"

"Sina shida na ngazi. Nimekuja kushindana."

Alitabasamu kwa upole, ule upole ninaoujua sana. Akaniambia wamepanga kuwakumbuka watu wenye ulemavu siku hiyo. Kutakuwa na meza ya wageni, na kila mmoja wetu atapewa blanketi.

"Sikuja kwa blanketi," nikamwambia. "Nataka kuvuta lori."

"Boss, kuvuta lori ni kazi ya mwili mzima."

"Huo mchezo wako, mtu anasimama au anakaa?"

"Anakaa."

"Basi mimi nimekaa tangu nikiwa mtoto. Hao wengine wataanza kujifunza lini?"

Alichezea kalamu yake. Mwishowe akasema, "Wewe kuja tu. Tutaona siku hiyo." Nilijua maana yake. Nikashuka ngazi jinsi nilivyopanda.

Mke wangu huuza omena, zile dagaa za ziwani, anazochukua Port Victoria, na jioni hiyo alikuwa anachambua za kesho yake. Nilipomwambia, hakuinua kichwa.

"Bega likitoka, nani ataendesha hiyo baiskeli?"

"Halitatoka."

"Umeliuliza?"

Akarudi kwenye omena zake. Kwa siku kadhaa baadaye tulizungumza habari za chakula na mvua tu.

Mteja wangu mmoja wa maharagwe ndiye aliyenielekeza kwa mwalimu. Mwalimu huyo alikuwa mzee wa Malaba, mpakuzi wa magunia tangu ujana wake, ambaye sasa analinda yadi ambamo malori husubiri kuvuka mpaka. Inasemekana enzi zake alikuwa akivuta matrekta kwenye maonyesho ya kilimo. Jumapili baada ya kanisa nilipanda bodaboda, tukapita Chakol na Adungosi, nikamkuta mzee amekaa langoni akila karanga. Nilitarajia aiangalie miguu yangu kwanza, kama watu wote. Yeye alishika viganja vyangu, akavigeuza, akabonyeza sugu kwa kidole gumba.

"Hivi ni viganja," akasema. "Twende."

Aliongea na dereva mmoja Mganda aliyekuwa amechoka kusubiri. Dereva akafungua trela, akasogeza kichwa cha lori peke yake kwenye uwanja tambarare, kisha akakaa ndani, mguu karibu na breki. Mzee alifunga kamba nene mbele ya lori, akaniketisha chini na kunikabidhi mwisho wake. Nikavuta kwa nguvu zangu zote.

Lori halikutikisika. Niliyesogea ni mimi. Niliburutika kwenye changarawe, miguu ikajikunja chini yangu kama vitambaa, nikaendelea kujivuta mwenyewe mpaka nikawa karibu na bampa. Madereva waliokuwa wamekusanyika walicheka mpaka wakashikana mabega. Suruali yangu ilikuwa imechanika nyuma.

Mzee peke yake hakucheka. "Mikono unayo," akasema. "Huna cha kukanyagia. Wenzako watakanyaga gogo na kunyoosha magoti. Wewe magoti yako hayakubali. Tafuta vyuma."

Nilijua vyuma anavyosema. Nilipokuwa mdogo hospitali ilinipa vya kufunga miguuni, virefu mpaka nyongani, ili nisimame na kutembea kwa magongo kama watu. Vilinichubua mapaja hadi damu. Nilikuwa nikisimamishwa mbele ya wageni shuleni wapige makofi, halafu naachwa hapo hapo kwenye jua kwa sababu hakuna aliyekumbuka kwamba siwezi kukaa mwenyewe. Siku moja nilivitupa kwenye choo cha shimo, nikachapwa, na sikuvivaa tena.

"Vyuma sivai," nikamwambia mzee.

"Basi lori huvuti."

Nilirudi Busia nimekasirika. Wiki nzima nilivuta tairi bovu lililojazwa mawe uani kwangu, na wiki nzima niliburutika. Katikati ya hasira hiyo ndipo nilipoanza kuliona jambo lenyewe tofauti. Vile vya utotoni nilivalishwa ili nifanane na watu wanaosimama. Hivi ningeviagiza mwenyewe, kwa kipimo changu, kwa kazi niliyoichagua. Si chuma nilichokuwa nimekikataa wakati ule.

Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma karibu na stendi, nikamweleza ninachotaka. Alitumia springi za lori kuukuu. Alitengeneza vipande viwili vyenye bawaba gotini na pini ya kufunga bawaba hiyo isikunjike, na juu akaviunganisha na mkanda mpana wa ngozi wa kufunga kiunoni. Nilipovileta nyumbani mke wangu alivigeuza geuza, akapitisha kidole kwenye kingo. Kisha akaingia ndani akatoka na blanketi kuukuu na sindano.

"Kama umeamua kuwa mjinga," akasema, "usiwe mjinga mwenye vidonda."

Alishona vitambaa vya ndani mpaka giza likaingia.

Jumapili iliyofuata nilikaa tena kwenye changarawe ya Malaba, vyuma vimefungwa, nyayo zimegandamizwa kwenye gogo. Mzee aliinama sikioni mwangu. "Usivute kwa mikono. Lala nyuma. Mgongo ndio uvute, mikono ishike tu." Nikalala nyuma. Kamba ikakakamaa, ikalia. Nyonga zilinichoma. Sikuona tofauti yoyote mpaka nilipogundua kwamba nimelala chali natazama mawingu na bado nimeshika kamba, na kamba iliyolegea mapajani mwangu haikuwepo mwanzo. Lori lilikuwa limesogea. Dereva wa siku hiyo alitoa kichwa dirishani akasema kwa Kiswahili chake cha ng'ambo, akiniita bwana kwa Kiganda, "Ssebo, ongeza." Safari hii hakuna aliyecheka.

Nilianza kwenda Malaba kila nilipopata nafasi. Katikati ya wiki nilijipakilia mizigo mizito kuliko kawaida na kupanda nayo kutoka forodhani bila kupumzika. Nilikula ugali wa wimbi na omena kwa wingi mpaka mke wangu akasema nakula bidhaa. Mzee mmoja wa kanisa alinivuta pembeni akanishauri nimshukuru Mungu kwa nilichonacho, nisijitafutie makuu. Nilimwambia nashukuru sana, na kwamba mikono hii ndiyo niliyonayo, basi aniache niitumie.

Kisha bega la kulia likakataa. Lilianza kama maumivu madogo, nikayadharau, na asubuhi moja sikuweza kuinua hata kikombe. Baiskeli ilikaa uani. Mke wangu alienda sokoni peke yake na kurudi peke yake, na kila usiku alinichua kwa dawa kali iliyotufanya wote tutokwe machozi. Nilisubiri aseme kile alichokuwa na haki ya kukisema. Usiku mmoja nikamwambia mimi mwenyewe, "Ulinionya."

"Nilikuonya," akasema, huku akiendelea kuchua. "Sasa ukiacha, utakuwa umeniumizia bega bure. Lala upande ule."

Lilipopona nilipunguza pupa. Mzee wa Malaba alinikataza kuvuta kwa hasira. Alisema hasira huishia mikononi, na lori halivutwi na mikono.

Siku ya mashindano uwanja ulijaa. Wenzangu wa baiskeli za magurudumu matatu walikuja kundi zima wakajipanga kwenye kivuli cha hema. Nilitazama watu wakipindua tairi na kukimbia na madumu, nikisubiri zamu ya lori. Lakini kabla ya mchezo huo kuanza nilimsikia mwandaaji akiita kwenye kipaza sauti. "Na sasa, ndugu zangu, tupate burudani kidogo. Tumpigie makofi makubwa ndugu yetu jasiri." Watu walipiga makofi, na uwanjani ikaingizwa pikapu ndogo.

Nilijiendesha mpaka mbele yake.

"Hiyo pikapu ni ya nani?"

"Ni yako, boss. Tumekurahisishia."

"Nirudishie ugumu wangu," nikasema. Kipaza sauti kilikuwa karibu, na uwanja mzima ukasikia. Makofi yakafa.

Mwandaaji aliona haya, akaanza kueleza habari za usalama. Wenzangu kwenye hema walianza kupiga kengele za baiskeli, wote kwa pamoja. Aliyemaliza jambo hilo ni mwamuzi, mama mmoja mwalimu mstaafu aliyekuwa na filimbi shingoni na tepu ya kupimia mkononi. "Mchezo uliotangazwa ni lori," akasema. "Anayetaka kushindana aingie kwenye mstari."

Nikaingia. Mbele yangu alikuwepo mchinjaji wa nyama kutoka Chakol, shingo nene kama gogo. Alinitazama nikifunga pini za magoti, akamwita mwamuzi.

"Huyu amevaa chuma. Sisi hatuna chuma."

"Nikupe chuma," nikamwambia, "na wewe unipe magoti."

Watu waliokuwa karibu walicheka, lakini yeye hakucheka. Mwamuzi aliinama akavikagua vyuma, akavuta ule mkanda, akasema chuma hakishiki kamba, tuendelee.

Sheria ilikuwa rahisi. Unavuta mpaka filimbi ilie, kisha wanachora alama chini pale lori lilipofika na kupima. Watatu walivuta kabla yetu. Mmoja, kijana wa kupiga matofali, alilifikisha kwenye mstari wa mwisho. Mchinjaji akavuta kwa nguvu za ajabu mwanzoni, kisha akachoka ghafla. Zamu yangu ikafika. Niliweka nyayo kwenye gogo, nikalala nyuma. Lori hili lilikuwa zito kuliko lile la Malaba, na kwa muda mrefu hakuna kilichotokea. Nilisikia mtu akisema, "Mwacheni jamani, ataumia." Sauti hiyo ilikaribia kunitia hasira. Nikamkumbuka mzee, nikapumua, nikaiacha ipite. Nikalala nyuma tena. Gurudumu likazunguka kidogo. Baada ya hapo sikusikia watu. Niliinuka, nikashika mbele, nikalala; nikainuka, nikashika mbele, nikalala. Filimbi ilipolia sikuitambua, ikabidi mwamuzi aniguse mkono.

Sikufika kwenye mstari. Hilo nililiona wazi. Mwandaaji alikuja mbio na blanketi lililokunjwa na kunitangaza kuwa mshindi wa mioyo ya watu wote. Niliweka blanketi juu ya bampa la lori.

"Mama mwamuzi," nikasema, "nimevuta mpaka wapi?"

Alipima. Baada ya wa mwisho kuvuta alisoma vipimo vya wote sita, wa kwanza hadi wa mwisho, kwa sauti ile ile. Nilikuwa wa nne. Wa tano alikuwa mchinjaji wa Chakol.

Alikuja mbio, uso umemwiva. "Siwezi kuwa nyuma ya huyu. Pimeni tena."

Walipima tena, alama yake na yangu, huku yeye ameinama juu ya tepu kuhakikisha hakuna anayemwibia. Tofauti ilikuwa upana wa kiganja. Alipiga teke gogo, akaondoka bila kunipa mkono. Siku hiyo watu wengi walinishika mabega, wengine walilia, mama mmoja akataka kuniombea. Lakini kilichonifurahisha kuliko vyote ni yule mtu kuondoka na hasira. Mtu hamkasirikii anayemhurumia, wala hadai apimwe upya dhidi yake.

Bega liliuma juma zima, nami nikavusha mizigo polepole. Mke wangu aliwaambia wateja wake wa omena kwamba mume wake ni wa nne, bila kueleza wa nne katika nini, na aliyetaka kujua zaidi ilibidi anunue.

Baada ya mavuno nilirudi Malaba. Nilimkuta yule mchinjaji ameketi kwenye changarawe, kamba mkononi, na mzee wangu amesimama nyuma yake na karanga zake. Tulisalimiana kwa vichwa. Alivuta, nami nikatazama.

"Unavuta kwa mikono," nikamwambia.

Hakunishukuru. Alifuta viganja kwenye suruali, akalala nyuma, akajaribu tena.